Uzio Uliojua Siku ya Ukaguzi

Jumatatu, 4 Mei 2015

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa chama chetu cha bustani. Ukaguzi wa bustani: Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi, kama kila mwaka. Nimelisoma mara tatu. Halijabadilika.

Nimeupima uzio wetu wa miti. Sentimita mia moja hamsini na nane! Kanuni ya chama inasema mwisho mia moja ishirini na tano. Na tumeshapewa maonyo mawili. La mwaka juzi lilikuwa la mbolea ya majani iliyonuka hadi kwa jirani. La mwaka jana lilikuwa la nyasi nilizopanda mahali pa mboga. Onyo la tatu ni kunyang'anywa bustani. Bustani tuliyoisubiri kwenye foleni miaka saba! Mke wangu Heidrun amesema kwa upole kwamba bustani ikienda, naye atakwenda kwa dada yake mjini Ulm, na kule kuna chumba kimoja na kitanda kimoja chembamba. Heidrun akipandisha sauti huwa nalala vizuri. Akisema kwa upole, sipati raha.

Nikachukua mkasi mkubwa. Nikakata tawi moja. Heidrun akanishika mkono. Ndani ya uzio kuna kiota: ndege mweusi mwenye mdomo wa njano, mayai manne. Na sheria ya nchi inakataza kukata uzio kwa kiasi kikubwa tangu Machi hadi mwisho wa Septemba, kwa ajili ya ndege haohao. Yaani chama kinasema kata, sheria ya mazingira inasema usikate. Mtu afanye nini? Auombe uzio upige magoti?

Heidrun alitaka niende kwa Mwalimu Rösler nimweleze, basi. Mwalimu Rösler ni mwenyekiti wa ukaguzi. Ni mama aliyestaafu, alifundisha kemia miaka thelathini na minane, na bado humtazama mtu kama anayesahihisha daftari. Nimekataa. Watu wa sheria ukiwaambia jambo moja wanakutolea vifungu vitano. Nimemwapisha Heidrun asimwambie mtu habari za kiota.

Jumatano, 6 Mei

Kiwandani. Sikufanya kazi. Nimetembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka mkuu wangu Dakta Sailer akauliza kama nimeangusha kitu.

Niandike hapa, maana hakuna pengine ninapoweza kuandika: mimi ndiye niliyelifundisha adabu gari la dizeli la kiwanda chetu. Moshi wa dizeli husafishwa kwa dawa iliyo katika tangi dogo. Dawa ikitumika inavyotakiwa, tangi linakauka mapema na mteja ananuna. Tangi kubwa halina pa kukaa. Dakta Sailer hataki buti la mizigo lipunguzwe hata kwa upana wa kiatu. Basi! Serikali inapolipima gari, hulipandisha juu ya roli za chuma zinazozunguka papo hapo. Magurudumu yanazunguka, usukani umetulia tuli. Barabarani hakuna mtu anayeendesha hivyo. Nikaandika mistari michache kwenye kompyuta ya gari. Usukani ukitulia, huu ni mtihani, mwaga dawa. Usukani ukicheza, tuko kwetu, bana matumizi. Gari limefaulu kila mahali. Mimi nilizawadiwa chupa ya chai yenye nembo ya kiwanda. Steinhilber, mwenzangu ambaye hakuandika hata nukta, alipewa nafasi ya kuegesha gari chini ya paa.

Si udanganyifu. Mtoto wa shule naye hunawa uso vizuri zaidi siku ya mtihani.

Saa tano asubuhi nilikuwa nalitazama gari likikimbia juu ya roli bila kwenda popote. Ghafla nikaona! Uzio wangu hauna haja ya kuwa mfupi. Una haja ya kuwa mfupi Jumamosi saa nne. Akili ni mali, na mimi nimejaliwa.

Ijumaa, 8 Mei

Nimechukua likizo ya siku moja. Vifaa: mota mbili za vioo vya dirisha kutoka gari lililokwisha kupondwa kiwandani, nailoni ya kuvulia samaki, fito nyembamba ya chuma, betri. Matawi yote ya juu nimeyafunga kwa nailoni kwenye ile fito. Mota zikivuta, fito inashuka na kichwa chote cha uzio kinainama kuelekea ndani. Mota zikirudi, kinasimama.

Sasa uzio utajuaje? Hapa ndipo fundi anapojulikana. Mpita njia hupita. Mgeni husukuma mlango akaingia. Mkaguzi peke yake ndiye anayesimama nje ya mlango: akunjue futi, apime, aandike. Nimeweka ubao mlangoni na swichi chini yake. Mtu akisimama juu yake sekunde ishirini, huo ni ukaguzi. Uzio unainama dakika mbili, kisha unasimama, betri isiishe. Mwaka jana Mwalimu Rösler alitumia dakika moja na nusu. Nilikuwa na saa.

Kero moja. Nilitoboa mbao saa saba na dakika kumi mchana, na chama kinataka kimya tangu saa saba hadi saa tisa. Saa tisa na dakika moja nikakuta barua kwenye sanduku, kwa mwandiko wa kemia, na namba ya kifungu imepigiwa mstari. Kumbe alikaa akisubiri kimya kiishe ndipo alete! Ndege naye alinitazama mchana kutwa. Hakunisemesha.

Jumapili, 10 Mei

Majaribio. Heidrun alisimama kwenye ubao na bakuli la saladi ya viazi. Nikahesabu. Sekunde ya ishirini, vruu, uzio ukainama kama mtumishi wa hoteli. Sentimita mia moja ishirini na nne! Nilipiga makofi peke yangu.

Heidrun hakupiga. Aliuliza kama kiwandani nako tunafanya mambo ya namna hii. Nikamwambia kiwandani ni teknolojia ya hali ya juu. Akasema ndege ameruka kwa woga, na kama mayai yatapoa mimi ndiye nitakayeyalalia. Halafu akarudia ile ya kwenda kumweleza Mwalimu tu. Wanawake hawana moyo wa uhandisi.

Jioni Mzee Kallenbach wa bustani ya pili alisimama mlangoni kwetu kuwasha kiko. Uzio ukamwinamia. Akavua kofia, akaurudishia heshima, akaenda zake. Ana miaka themanini na saba. Sidhani kama atasimulia.

Jumanne, 12 Mei

Bahati imenijia kwa miguu yake! Nimetoka kazini nikamkuta Mwalimu Rösler kwenye mlango wa bustani yangu, na mjukuu wake Svenja, anayesoma chuo. Hatari! Mwalimu alikuwa nusu hatua kutoka kwenye ubao na betri ilikuwa imeunganishwa. Nikamshika kiwiko nikaanza kumtembeza. Nikamwonyesha njegere. Nikamwonyesha njegere zilezile upande wa pili.

Shida yao: Svenja na wenzake walikodi gari la dizeli, lilelile la kiwanda chetu, na mwenye gari ameghairi. Wanalihitaji siku nne, kwenda milimani na kurudi. Mwalimu aliuliza kama miongoni mwetu wa kiwandani yupo anayeweza kuwaazima. Hakumaliza sentensi. Funguo za gari langu zilikuwa mkononi mwake! Mtu uliyemwazima gari hakunyang'anyi bustani. Hiyo haimo katika kanuni yoyote, lakini imo katika maisha.

Nilisaidia kupakia. Visanduku vizito, nyaya, bomba nene la kukunjika. Svenja alieleza kwa kirefu kwamba wanapima hewa njia nzima. Nikasema hewa ya milimani ni nzuri mno. Jicho langu lilikuwa kwa bibi yake, aliyekuwa anarudi tena kwenye ule ubao. Svenja akauliza ekzosi inaishia wapi hasa, kwa kuwa bomba lao halikai. Nikainama, nikalifunga mwenyewe kwa kibanio changu kizuri cha chuma, haraka haraka, nikakimbia kumwonyesha Mwalimu njegere kwa mara ya tatu.

Alhamisi, 14 Mei. Sikukuu ya Kupaa

Balaa. Nilisahau kwamba leo ni siku ya akina baba, na wanaume wa mji mzima wanavuta vigari vya mkono vyenye mapipa ya bia wakipita mashambani. Kundi la kwanza lilisimama mlangoni kwetu kujaza vikombe. Uzio ukainama. Wakashangilia. Ukasimama. Wakashangilia zaidi. Wakawaita wenzao. Kufikia saa nane walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja anapanda ubaoni, anangoja sekunde zake ishirini, anapigiwa saluti. Mmoja alilia, akasema hata kwao nyumbani hakuna anayemwinamia.

Mota ya kushoto imeungua. Nimebadilisha. Vifaranga wametotolewa, wanne wote, wanapiga kelele. Heidrun ameweka kiti pembeni ya uzio na hazungumzi nami, anazungumza nao.

Siwezi kutulia. Nimekwenda kukagua nailoni mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Heidrun alisema, kwa upole, nikae.

Jumamosi, 16 Mei

Nitaandika yote.

Saa nne kamili Mwalimu Rösler alifika. Hatua tatu, ubaoni, futi. Nikahesabu kimoyomoyo. Kumi na nane, kumi na tisa, vruu. Safi kabisa! Alipima. Mia moja ishirini na nne. Akaandika. Nilitaka kumbusu yule mama.

Hapo alipaswa kuondoka. Kila mwaka huondoka! Badala yake akainua shingo, akasikiliza. Vifaranga. Akafungua kigoda chake cha kukunja, maana goti linamsumbua, akakaa palepale kwenye ubao na mikono mapajani, anasikiliza ndege huku anatabasamu. Mimi nikatazama saa. Dakika moja na sekunde hamsini. Nikamwambia twende tukatazame njegere. Akasema njegere zangu anazifahamu.

Dakika ya pili ikatimia. Uzio ukaanza kuinuka mbele ya pua yake. Polepole, kama mzee anayetoka kitandani, tawi baada ya tawi, na juu kabisa yule ndege mweusi mwenye mdudu mdomoni, anapanda nao, anamtazama Mwalimu. Ukasimama wima. Mia moja hamsini na nane, na pengine umeongezeka.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikunjua futi tena, akapima tena, akaandika chini ya namba ya kwanza namba ya pili.

"Bwana Zwickel," alisema, "mimi hupita hapa kila jioni na mbwa wangu. Sisimami. Ulidhani urefu wa uzio huu siujui?"

Nikasema ni majaribio ya kisayansi. Akasema sayansi aliifundisha. Kisha akauliza ndege ametaga lini. Heidrun ndiye aliyejibu: mwisho wa Aprili. Mwalimu akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesoma jibu la mwanafunzi na kulihurumia.

"Uzio wenye kiota haupimwi," alisema. "Haupimwi mpaka Oktoba. Ungeniambia neno moja tu, ningepita zangu."

Nilikaa chini, kwenye njegere.

Jumatano, 20 Mei

Barua ya chama. Sina nguvu ya kuinakili yote. Mkataba wangu umekwisha kwa udanganyifu katika ukaguzi. Bustani haitapewa mtu wa foleni. Itaandikwa kwa jina la Heidrun, ambaye Mwalimu Rösler amemshuhudia akikaa na vifaranga tangu Alhamisi bila kuwasumbua. Mimi naruhusiwa kuingia kama mgeni, mwenye bustani akiwepo. Mgeni haruhusiwi kugusa uzio. Nyaya na mota zitolewe Oktoba, si kabla, kwa sababu ndege huyu akishamaliza kuwalea hawa hutaga tena. Betri iondolewe leo.

Yaani sheria ya ndege inalinda hata mota zangu!

Nimeondoa betri. Moja. Zilikuwa mbili.

Heidrun hatakwenda Ulm. Ananunua mbegu. Nilimuuliza kama amefurahi. Alisema, "Gernot, nilikuambia ukamweleze tu." Jambo hilo amelisema mara nne sasa, na kila mara ni kweli, ndiyo maana linachosha.

Ijumaa, 29 Mei

Dakta Sailer aliniita saa mbili asubuhi na kufunga mlango. Mezani palikuwa na barua kutoka chuo. Barua ya heshima sana. Wamelipima gari letu kwenye roli: safi kama maji ya mtungi. Wamelipima njiani kwenda milimani, kwa vyombo vilivyofungwa kwenye ekzosi: gesi chafu mara ishirini zaidi. Wanaomba kiwanda kiwasaidie kuelewa. Na nakala wameipeleka serikalini, nayo kwa heshima.

Dakta Sailer aliuliza ni mpumbavu gani aliyewapa gari. Nikasema ni jambo la kusikitisha. Akageuza ukurasa. Picha: nyuma ya gari, namba ya usajili, bomba, na kibanio. Kibanio changu kizuri, chenye herufi G.Z. nilizozichonga ili Steinhilber asikiibe.

Nilitamani sakafu inimeze. Mambo yalinijia yote kwa pamoja. Svenja hakunificha kitu. Alisema hewa, alisema ekzosi, aliuliza kwa sauti mbele ya bibi yake. Nami nilifunga bomba kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa nalinda uzio ambao hakuna mtu angeupima. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wazee waliosema hayo hawakuwa wahandisi, lakini walijua.

Vifaranga wameruka jana. Heidrun alikuwepo. Mimi nilikuwa nje, mwenye bustani alikuwa na shughuli.

Jumatatu, 1 Juni

Nimesimamishwa kazi. Kadi ya mlango nimerudisha. Chupa ya chai wameniachia, Steinhilber ameshauri hivyo.

Dakta Sailer anasema yeye hakujua lolote. Ametaka niandike maelezo kwa mkono wangu, ukweli wote, ili yaishe. Nilikaa mezani asubuhi nikaanza vizuri sana: Mimi, Gernot Zwickel, nakiri kwamba. Hapo nikakwama. Nikasimama. Nikatembea jikoni hadi barazani na kurudi. Kwa kweli nilikuwa na majuto. Yalinikaa hapa kifuani mpaka karibu saa sita.

Kisha nikaona kosa lilipo! Kosa si dawa wala usukani. Kosa ni kwamba gari halikujua limefungwa bomba mkiani. Vile visanduku vilikuwa na uzito wa watu wawili, na bomba lile linabana moshi. Gari lenye akili lingehisi. Buti limelemewa, moshi unabanwa: huu ni mtihani, mwaga dawa. Mistari sita tu. Nimeiandika palepale, chini ya neno nakiri, nikampelekea Dakta Sailer. Bado hajajibu. Nadhani anaipitia.

Jioni nilikwenda bustanini. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo anao Heidrun, mgeni husubiri. Nikasubiri, nimesimama ubaoni. Sekunde ya ishirini, vruu. Uzio ukaniinamia. Siwezi kueleza nilivyofarijika. Baada ya mwezi kama huu, kuna kitu kimoja kilichonitambua.

Heidrun alikuja na saladi mkononi akakuta unainuka. Akaniuliza nimesimama pale muda gani. Nikasema dakika mbili. Akanikumbusha kwamba mgeni haruhusiwi kugusa uzio.

"Sijaugusa," nilimwambia.

Na kweli sikuugusa. Kesho asubuhi anakwenda sokoni. Nitaongeza muda. Dakika mbili zilikuwa chache mno, tano zitatosha.